Gharama ya kutunza programu za kijeshi: hesabu matoleo, kisha hesabu kinacholipwa bila matoleo

Makadirio mengi ya matengenezo ya programu za kijeshi huanzia kwenye asilimia. Inachukuliwa gharama ya ujenzi, inapigwa mara asilimia 10 au 15, jibu linaandikwa kuwa bajeti ya mwaka, kisha linanakiliwa miaka 20 mbele. Vikao huipenda hesabu hii kwa kuwa ni fupi. Ubaya wake ni kwamba inachanganya gharama mbili zisizofanana: ile inayopanda na kushuka kufuatana na mabadiliko yanayofanywa kwenye programu, na ile inayolipwa hata mwaka ambao hakuna mstari mmoja wa msimbo (maandishi ya programu) ulioguswa. Usipozitenganisha, huna la kumjibu kamanda anayeuliza: fedha zikipungua kwa robo, tutakosa nini hasa?

Kipimo cha kuanzia ni toleo. Toleo ndilo linaloingia maabara, linajaribiwa, linaidhinishwa na kupelekwa vikosini. Kasoro moja moja haina bei ya kuaminika hadi ijulikane itaingia kwenye toleo lipi, maana gharama ya majaribio hugawanywa kwa kila kilichomo. Kwa kila toleo, tenga saa za kazi katika mafungu matatu: kurekebisha kasoro, kuifanya programu iendane na vifaa au mifumo jirani iliyobadilika, na kuongeza uwezo mpya. Wengi hudhani fungu la kwanza ndilo linalokula fedha. Utafiti wa Lientz na Swanson wa 1980 kuhusu programu za kiraia ulikuta kurekebisha kasoro ni takriban moja ya tano tu ya kazi. Kwa programu za kijeshi usiazime uwiano huo. Tafuta wa mfumo wako mwenyewe, lakini usiingie ukiwa na dhana kwamba kutunza ni kuziba matundu tu.

Kwa sehemu inayobadilika, COCOMO II, kielelezo cha kukadiria kazi ya programu kilichojengwa na Barry Boehm na wenzake, bado ni mahali pazuri pa kuanzia. Hesabu yake ya matengenezo ni hivi: chukua mistari itakayoongezwa na itakayobadilishwa, kisha izidishe kwa kigezo cha ugumu wa kuelewa. Kigezo hicho ni 1 + (SU ÷ 100 × UNFM). SU ni ugumu wa kuusoma msimbo wenyewe: 10 ukiwa safi na una maelezo, 50 ukiwa umesokotana. UNFM ni ugeni wa timu: 0 kwa waliouandika, 1 kwa wasiowahi kuuona.

Tuchukue mfumo wa mistari 400,000, toleo moja kwa mwaka, likiongeza mistari 12,000 na kubadilisha 20,000. Msimbo ni wa kati (SU 30) na timu inaufahamu kiasi (UNFM 0.4). Kigezo ni 1.12, ukubwa wa kazi ni mistari 35,840. Ukiuingiza kwenye mlinganyo wa kawaida wa COCOMO II, 2.94 × ukubwa (kwa maelfu) kwa kipeo cha 1.0997, vigezo vingine vyote vikiwa katika hali ya wastani, unapata karibu miezi-mtu 151. Mwezi-mtu mmoja hapo ni saa 152 za kazi. Hiyo ni timu ya watu 12 hadi 13 mwaka mzima.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: mkataba unahamia kwa timu ngeni, na nyaraka ni mbovu. SU 50, UNFM 1, kigezo 1.5. Mabadiliko ni yale yale, lakini hesabu inatoa miezi-mtu 208. Tofauti ya 57 ni karibu watu watano, na haikuletwa na adui wala na teknolojia. Imeletwa na makabidhiano. Kwa hiyo mkadiriaji asiyeuliza nani atautunza mfumo huu mwaka wa nne na wa nane amekadiria mfumo mwingine.

Tahadhari mbili kwa anayetumia kielelezo hiki. Vigezo vya ratiba iliyobanwa na vya kuandika msimbo wa kutumika tena havitumiki kwenye matengenezo. Vikiachwa ndani kwa kunakili jedwali la ujenzi, jibu linapotoka. Na kigezo cha kutegemeka kina thamani zake tofauti: programu iliyojengwa kwa kiwango cha chini kabisa cha kutegemeka huongeza 23% kwenye kazi ya kuitunza. Aliyeokoa fedha wakati wa ujenzi alizisogeza mbele tu.

Hadi hapo tumegusa sehemu moja. Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, katika ukusanyaji wake wa takwimu za matengenezo ya programu, hutenganisha kazi ya matoleo na mambo mengine: usimamizi wa mradi, leseni, uidhinishaji wa usalama wa mtandao, maabara na vifaa vya majaribio, na wahandisi wanaokaa na vikosi uwanjani kusaidia watumiaji. Mgawanyo huu ni mzuri hata kwa nchi yenye mifumo michache, kwa sababu kila fungu lina kichocheo chake. Leseni hufuata idadi ya kompyuta. Wahandisi wa uwanjani hufuata idadi ya vituo na mazoezi ya kijeshi. Maabara hufuata idadi ya matoleo tofauti ya vifaa yaliyo bado kazini. Hakuna hata moja linalofuata mistari ya msimbo.

Rudi kwenye mfano. Tuseme usimamizi unahitaji watu 3, usalama wa mtandao 4, maabara 5, uwanjani 6. Jumla 18, juu ya wale 12.6 wa toleo. Kamanda akiamuru mabadiliko yapunguzwe kwa nusu, kazi ya toleo inashuka hadi miezi-mtu 70, karibu watu 6. Lakini timu nzima imetoka 30.6 hadi 23.9 tu, punguzo la 22%. Amekata nusu ya uwezo wa kurekebisha na kuboresha, akaokoa chini ya robo ya fedha. Jedwali la namna hii huwa na nguvu kikaoni kuliko hoja yoyote ya maneno.

Fungu linalosahaulika kuliko yote ni kufikisha toleo kwa mtumiaji. Mfano wake mchungu uko kwenye kumbukumbu za umma. Februari 1991 huko Dhahran, Saudi Arabia, mfumo wa makombora ya kujihami ya Patriot ulikuwa umewashwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Kompyuta yake ilikuwa inahesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi haiwezi kuandikwa kikamilifu katika rejista ya biti 24. Kosa dogo lililobaki lilijikusanya hadi takriban sekunde 0.34, na rada ikalitafuta kombora la Iraq aina ya Scud lililokuwa linakuja mahali lisipokuwepo. Askari 28 wa Marekani waliuawa tarehe 25 Februari. Programu iliyorekebishwa ilikuwa imetolewa tarehe 16 Februari. Ilifika Dhahran tarehe 26. Vikosi vilikuwa vimepelekewa ujumbe tarehe 21 kwamba kuuwasha mfumo muda mrefu sana kungeleta tatizo, lakini ujumbe haukusema muda mrefu ni saa ngapi.

Tazama mahali siku zilipopotea. Marekebisho yalikuwa tayari. Kilichopungua ni usafiri wa toleo hadi uwanja wa vita, na maelezo sahihi kwa mwendeshaji. Hayo yote ni kazi ya watu wenye mishahara, na lazima yawe na mstari wake kwenye makadirio: kunakili, kusafirisha kwa njia salama, kusakinisha kituo kwa kituo, kuhakiki kwamba kila kituo kina toleo sahihi, kuandika upya miongozo, kuwafunza waendeshaji. Ukiwa na vituo 60 na kila kimoja kinahitaji mafundi wawili kwa siku mbili, hizo ni siku-mtu 240 kabla ya nauli.

Kwenye leseni, hatari ni tarehe ya mwisho ya msaada wa mtengenezaji. Windows XP ilifikia mwisho wake tarehe 8 Aprili 2014, na mwaka uliofuata Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikuwa linailipa Microsoft takriban dola milioni 9 kuendelea kupata viraka (marekebisho madogo) vya usalama vya XP na bidhaa nyingine za umri huo. Tengeneza kalenda ya kila programu ya kununua iliyomo kwenye mfumo, na tarehe yake ya mwisho. Kila tarehe inayoangukia ndani ya miaka ya makadirio inadai moja ya gharama mbili: kuhama au kulipia msaada maalumu. Viraka vyenyewe havina mistari ya msimbo wako, lakini kila kimoja lazima kijaribiwe maabara kabla hakijaingia kwenye mfumo unaoongoza silaha. Vivyo hivyo kwa maktaba za data za vita vya kielektroniki, yaani taarifa za kutambua rada na mawimbi ya adui: ni data, msimbo haujaguswa, ila kila upakiaji unataka majaribio.

Takwimu za kuomba kwa mkandarasi au kitengo kinachotunza: saa halisi za kazi kwa kila toleo kwa miaka mitatu angalau, zikiwa zimetengwa kwa mafungu, idadi ya kasoro zilizofunguliwa na kufungwa kwa kila daraja la uzito, rundo la kazi zilizokuwa zinasubiri mwanzoni na mwishoni mwa mwaka, idadi ya aina za vifaa ambazo kila toleo lilijaribiwa juu yake. Rundo ndilo la kuangaliwa kwa makini. Timu nyingi zina idadi ya watu inayowekwa na bajeti, si na kazi, kwa hiyo saa zilizotumika hazisemi mahitaji yalikuwa kiasi gani. Saa zikibaki zile zile na rundo likikua kila mwaka, gharama unayoisoma ni pungufu ya gharama ya kweli.

Kabla ya kukubali UNFM ndogo kwa timu mpya, dai jaribio moja: wajenge programu nzima kutoka kwenye msimbo wa chanzo, kwenye mashine tupu, kwa kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kutumika) ile ile, na wailinganishe na ile iliyopo vikosini. Hapo ndipo hugundulika kwamba kompaila ya Ada au JOVIAL, lugha za zamani za kuandikia programu za kijeshi, inafanya kazi kwenye kompyuta moja tu iliyobaki, au kwamba sehemu fulani ya chanzo ni mali ya mkandarasi na haikukabidhiwa. Haki za msimbo zinapaswa kujadiliwa wakati wa kununua mfumo, ushindani ukiwa bado upo. Baadaye bei huwekwa na mwenye msimbo.

Kwa wanaofanya kazi chini ya sheria za Marekani kuna ugumu wa ziada. Fedha za uendeshaji hudumu mwaka 1, za utafiti na maendeleo miaka 2, za ununuzi miaka 3, na toleo moja linalobeba marekebisho pamoja na uwezo mpya linaweza kuhitaji mifuko miwili. Makadirio yasiyogawa toleo kwa mafungu hayawezi kupangiwa bajeti. Aidha, si zaidi ya 50% ya fedha za matengenezo ya ngazi ya bohari (matengenezo makubwa ya karakana kuu) zinazoruhusiwa kwenda kwa wakandarasi, na programu zinaweza kuhesabiwa humo.

Toa jibu kama kiwango cha chini hadi cha juu, si tarakimu moja. Ukikosa muda wa kupima kila kitu, badilisha thamani za vigezo vitatu uone jibu linavyosogea: SU, UNFM na idadi ya aina za vifaa. Na usiishushe bajeti taratibu kuelekea mwaka wa kustaafu. Kikosi cha mwisho chenye mfumo huo bado kinahitaji maabara, uidhinishaji na angalau watu wawili wanaoujua msimbo, hata kama vituo vimebaki viwili kati ya 60. Mstari wa gharama hushuka kwa ngazi, na ngazi ya mwisho ni ndefu.