Ruta iliyokwama katikati ya sasisho: niliirudisha kwa nyaya tatu

Umeme ulikatika sasisho likiwa nusu. Uliporudi, taa zote za ruta zikawa zinawaka kwa pamoja, zinazimika, zinawaka tena. Iliyokufa kabisa haifanyi hivyo. Hii butiloda yake, yaani programu ndogo inayoiwasha ruta, bado nzima, inapakia mfumo na kukuta umeharibika.

Ni ruta ya chipu ya Atheros, fleshi (kumbukumbu ya kudumu) MB 4. Nilifungua kasha, nikachomelea pini kwenye matundu manne ya siriali, njia ya kuongea na ruta kwa maandishi kutoka kompyuta. Adapta ya USB iwe ya volti 3.3, ya volti 5 inaweza kuunguza chipu. GND (waya wa ardhi) kwa GND, TX (ya kutuma) ya adapta kwa RX (ya kupokea) ya ruta, RX kwa TX. Waya wa volti usiuguse, ruta ina chaja yake. Kasi ni 115200. Ukikosea, skrini inajaa herufi za ajabu.

Ruta ikiandika `Autobooting in 1 seconds` kwenye skrini, chapa `tpl` kuisimamisha isiendelee kuwaka. Sekunde moja ni ndogo mno, nilinasa mara ya tatu.

Kompyuta niliipa anwani 192.168.1.100, kebo kwenye tundu la LAN, seva ya TFTP (programu ya kutuma faili kwa mtandao) ikawaka, faiyawoli nikazima. Isipozimwa, herufi T zinajipanga mstari mzima na faili haliingii.

Faili lenyewe la mfumo wa ruta ndilo mtego. Lenye neno boot kwenye jina limebeba butiloda mbele, na ukiliandika hivyo hivyo ruta haiwaki. Kata baiti 131,584 za mwanzo:

`dd if=asili.bin of=f.bin bs=512 skip=257`

Libaki na baiti 3,932,160 kamili, yaani 3c0000 kwa heksa (hesabu ya msingi wa 16). Likipungua au kuzidi, simama hapo. Kisha leta faili kwenye RAM ya ruta, futa fleshi, nakili faili humo, washa:

`tftpboot 0x81000000 f.bin`
`erase 0x9f020000 +0x3c0000`
`cp.b 0x81000000 0x9f020000 0x3c0000`
`bootm 0x9f020000`

Mstari wa `erase` niliusoma mara mbili kabla ya kubonyeza. Unaanzia 9f020000 kwa kuwa KB 128 za mwanzo ni makao ya butiloda, na hauzigusi KB 64 za mwisho, zenye vipimo vya redio ya Wi-Fi vya ruta hiyo hiyo. Ukivifuta hivyo, huvipati kwenye faili lolote la kupakua. Fleshi ya MB 8 ina ukubwa wake, usinakili namba hizi.

Ilipowaka nilibonyeza riseti, maana mipangilio ya zamani ilikuwa bado imekaa kwenye fleshi.