Tafakari ya Juma: Siku ya Hofu Yangu

Neno: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." (Zaburi 56:3)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mwaka jana nilikuwa kwenye daladala kutoka Himo kuja Moshi mjini. Tulikuwa tumebanana kama kawaida, na hakuna baya lolote lililotokea. Tulipokaribia Kiboriloni moyo ukaanza kunienda mbio. Kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, jasho likanitoka. Nikajua nakufa. Sisemi nilidhani, nilijua. Nikapiga kelele, "Shusha!" Nikateremka na kujikuta nimeketi juu ya gunia, kando ya mama mmoja anayeuza ndizi.

Yule mama hakuniuliza maswali. Alinipa maji kwenye kikombe cha plastiki, akanipakatisha chane mbili za ndizi, akasema, "Nihesabie hizi, mwanangu. Polepole." Nikahesabu kidole kimoja kimoja. Zilikuwa mbichi, za baridi, na utomvu ukaninata mikononi. Nilipozimaliza akanipa nyingine. Mahali fulani katikati ya kuhesabu nikagundua kwamba napumua.

Hospitali walinipima moyo, wakaukuta mzima. Daktari akanieleza kuwa lile ni shambulio la hofu: mwili unapiga king'ora pasipo mwizi. Homoni ya adrenalini inamwagika, unapumua harakaharaka, kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu, ndipo kizunguzungu na ganzi vinapokuja. Mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka. Linatisha mno, lakini lenyewe haliui. Hata hivyo, mpendwa, ukibanwa kifua kwa mara ya kwanza usikae nyumbani ukijiambia ni hofu tu. Nenda ukapimwe.

Kilichoniumiza kuliko lile shambulio ni neno la ndugu mmoja kwenye maombi: "Mwenye imani haogopi." Alinitakia mema, najua. Lakini nilirudi nyumbani na mizigo miwili, hofu na aibu ya kuogopa.

Ndipo nikaisoma Zaburi ya 56 kwa macho mengine. Kichwa chake kinasema ni ya Daudi, Wafilisti walipomkamata katika Gathi. Gathi ndiko kwao Goliathi. Kijana aliyemwangusha lile jitu mbele ya majeshi mawili, sasa yuko mjini kwao peke yake, na 1 Samweli 21 inasema wazi kwamba alimwogopa sana Akishi, mfalme wa Gathi. Ni Daudi yuleyule, na Mungu ni yuleyule. Wala haimbi kwamba haogopi. Anasema siku ya hofu yangu, kama mtu anayejua siku hiyo itakuja tena.

Mstari huo nimeufanya pumzi yangu. Navuta hewa kwa pua, tumbo likijaa, nikisema moyoni "siku ya hofu yangu". Kisha naitoa taratibu kwa mdomo, kama ninayepoza uji: "nitakutumaini Wewe". Nimehesabu silabi: ya kwanza ina 7, ya pili ina 9. Na ndivyo inavyotakiwa, pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta, kwa maana ndiyo inayoutuliza moyo. Nafanya hivyo dakika kadhaa. Nikishindwa, narudia somo la mama wa ndizi: nashika kitu, nakitazama, nahesabu. Kahawa pia nimeipunguza, ingawa kwa sisi watu wa huku mlimani hilo si dogo.

Lakini lililo gumu ni kurudi pale ulipokimbia. Miezi mitatu sikupanda daladala. Nilidhani najilinda, kumbe naipalilia hofu. Ilitoka kwenye gari ikaja kwenye foleni ya benki, kisha ikaingia hata ibadani, nikawa mtu wa kiti cha mwisho, karibu na mlango. Dada mmoja wa jumuiya yetu ndiye aliyenishika mkono. Tulianza na kipande kifupi tu, Kiboriloni hadi stendi. Lile shambulio likaja. Akaninong'oneza, "Hatushuki. Litapita." Tukapumua mstari wetu wote wawili, konda akitushangaa. Likapita kabla hatujafika.

Hayajaisha yote. Alhamisi iliyopita moyo uligonga tena palepale. Sikushuka.

Wapo kati yetu ambao hali hii inawarudia kila wiki, au usiku hawalali, au wameanza kutamani kufa kama nabii Eliya kule jangwani, chini ya mti wa mretemu. Mwambie mtu leo hii, na umwone daktari. Hata Eliya malaika alimletea mkate na maji kwanza. Na kama wewe ndiye uliyeacha kuja ibadani kwa sababu ya safari, nitumie ujumbe. Jumapili nitakupitia, nitakaa nawe kiti kimoja.