Tulivyomtembeza Bibi na watoto Unguja kwa hesabu ya mwezi

Kila niliyemwambia tunakwenda Unguja likizo ya Juni alinipa ushauri wa bei. Lala mtaa fulani, usikubali bei ya kwanza, chakula kula kule. Hakuna hata mmoja aliyenitajia maji. Sasa nimerudi na nayasema waziwazi: ukiwa na watoto wadogo na mtu mzima aliyevuka miaka sabini, pwani ya Unguja haiendi kwa bei wala kwa saa ya ukutani. Inakwenda kwa maji kujaa na maji kupwa, na usipoyajua utatoa hela nzuri kwenda kuogelea mahali ambapo bahari imeondoka, au kutafuta fungu la mchanga lililokwisha zama.

Sisi ni watu wa Morogoro. Tulikuwa mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe, ambaye watoto wanamwita Bibi na mimi namwita Mama. Mama alikuwa hajawahi kuiona bahari kwa macho yake. Safari yenyewe tuliipanga kwa ajili yake, watoto wakafaidi humohumo. Habari za kuvuka kutoka Dar naziruka, kila mtu anazijua.

Jambo la kwanza ambalo watoto walilitaka ni Nakupenda, lile fungu la mchanga mweupe mbele ya Mji Mkongwe ambalo picha zake zimejaa kwenye simu zao. Kijana aliyetupangia boti pale ufukweni akanishauri, "Mama, nendeni saa nane. Jua limepoa, watu wamepungua, na bei inashuka." Mwenzangu wa kazini naye alikuwa ameniambia hivyohivyo, jioni ndiyo kuzuri. Tukapatana laki na ushee kwa boti nzima. Nikafunga kikapu: mihogo ya kukaanga, chapati, machungwa, maji. Mama hakuhitaji chochote, alikuwa amefunga.

Tulipofika, fungu lilikuwepo, ila lilikuwa ukanda mwembamba tu, na juu yake familia nyingine tatu zimekwisha kaa. Watoto wakaruka kabla boti haijasimama vizuri. Nikatandika mkeka, Mama akaketi na tasbihi yake akiitazama bahari, na kwa muda mfupi kweli kulikuwa kuzuri. Kisha kitinda mimba akaja mbio: "Bibi, maji yamefika kwenye mkeka!" Tukausogeza. Hatujamaliza kumenya machungwa, maji yakaja upande wa pili. Tukausogeza tena. Wenzetu nao wakawa wanasogea, kila mmoja akirudi nyuma, hadi sote tukakutana katikati kwenye kituta kimoja, vikapu vyetu vimepandana, watu ambao nusu saa nyuma hatujuani tunashikiana watoto. Alasiri ikamkuta Mama hapo. Wakampisha, akasali, na alipotoa salamu mkeka ulikuwa umelowa upande mzima. Muda mfupi baadaye hapakuwa na fungu. Palikuwa na watu wazima wamesimama katikati ya bahari, maji yamepita vifundo vya miguu, wanaita boti.

Watoto walilia njia nzima. Nahodha akasema tu, "Maji ya leo makubwa." Hilo ndilo lililoniuma. Alijua. Anaishi kwenye maji hayo, na aliyetuuzia safari anaishi kwenye maji hayo, na wote wawili walijua kwamba siku ile ifikapo saa kumi fungu halipo.

Magharibi tulikuwa Forodhani, ile bustani ya ufukweni Mji Mkongwe. Mama akafungua kwa tende na glasi ya juisi ya miwa, na kwenye benchi letu alikuwepo mzee mmoja wa Kiunguja, mvuvi wa zamani, amekaa kupunga upepo. Mama ana tabia ya kuuliza moja kwa moja. Walipokwisha kusalimiana akamwambia, "Kaka yangu, hivi haya maji yenu yana saa zake, au yanakuja tu?"

"Yana saa zake, bibi. Leo mwezi ngapi?"

"Kumi na tano. Nimefunga siku nyeupe."

Mzee akageuka kabisa kumtazama. "Basi ushajua kila kitu! Mwezi mosi na mwezi kumi na tano ni bamvua, maji makubwa. Maji hujaa saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hukupwa saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Kila siku ikipita, ongeza saa moja kasoro dakika kumi. Ukifika mwezi saba, au mwezi ishirini na mbili, ni maji mafu. Hayajai sana, hayapwi sana."

Hapo ndipo safari yetu ilipogeuka. Mama hajui kusoma ramani ya simu, lakini mwezi mwandamo anauhesabu tangu msichana. Kila mwezi anafunga tarehe 13, 14 na 15, hakosei. Akashika tasbihi palepale. Punje moja, siku moja. Kesho maji yatakupwa karibu na saa tano kasorobo, keshokutwa karibu na saa sita kasorobo, akaendelea hivyo hadi siku ya kurudi. Mume wangu akafungua ratiba ya maji kwenye simu kumhakiki, na hesabu zao hazikupishana kwa zaidi ya nusu saa. Tangu usiku ule hakuna aliyemuuliza kijana wa ufukweni twende lini. Tulimuuliza Mama.

Mume wangu, ambaye ni mwalimu, akawaeleza watoto sababu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi huwa kwenye mstari mmoja na dunia, huvuta pamoja, ndiyo maana maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, kila kimoja huvuta upande wake, maji yanatulia. Na kwa kuwa mwezi huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, maji nayo yanachelewa. Unguja siku za bamvua tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Hao ni watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine, na mtoto wa kati alitaka aone hao watu wawili, ikabidi ambebe kaka yake mabegani.

Asubuhi iliyofuata tulichukua boti nyingine, nahodha mwingine, na safari hii saa nilizitaja mimi. Kwanza kisiwa cha Changuu, wakati maji yanaendelea kupwa. Kobe wakubwa wa pale chimbuko lao ni Ushelisheli, walioletwa kama zawadi mwaka 1919, na migongoni wameandikwa umri. Mama alimlisha mmoja aliyeandikwa umri unaozidi wake mara mbili, na kabla ya kumpa jani akamwamkia: "Shikamoo." Watoto hawatalisahau hilo. Jengo la jela nalo tuliliona. Lilijengwa miaka ya 1890 na halikuwahi kuweka wafungwa, likageuzwa karantini ya wasafiri. Pafaa kwa watoto wakubwa, wadogo wanataka kobe tu. Saa tano tukawa Nakupenda, na fungu limelala wazi kubwa kabisa, watoto wanakimbia hadi wanachoka wenyewe. Hela ni ileile tuliyolipa jana yake kwa kulia.

Baada ya hapo tukahamia Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki. Daladala ni 309, na inapita mlangoni mwa Jozani, kwa hiyo ukitoka mapema unaweza kushuka, kutembea msituni, kisha kudaka nyingine. Bebeni vitambulisho vya NIDA, sisi wenyeji tuna bei yetu kwa shilingi. Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004, inaungana na ghuba ya Chwaka, na kima punju wake, wenye mgongo mwekundu, asili yao ni Unguja peke yake. Wanakaa karibu na watu hadi mtoto anataka kuwashika. Usimruhusu, na chakula kifungeni ndani ya begi. Mwongozaji alitueleza kwamba kima hawa hula mkaa. Majani ya miembe na mikungu wanayoyapenda yana sumu inayowasumbua tumbo, na mkaa unaizuia. Mama akasema kwao nao mtu akila kibaya hupewa mkaa uliosagwa. Yeye na mwongozaji walikaa kwenye hilo muda mrefu sana, nikaenda na watoto kwenye daraja la mbao la mikoko kutafuta kaa.

Jambiani ndipo waliponionya watu kwamba "bahari inakimbia, watoto watachoka". Huo nao ni ushauri mbaya. Kweli inakimbia. Mbele ya kijiji kuna mwamba mbali, ndani yake maji ni kina kifupi, na siku za bamvua bahari inarudi nyuma kupita kilomita moja. Lakini maji yanapokupwa ndipo pwani inapofunguka. Tulifika bado bamvua haijaisha, na bi mkubwa mwenye nyumba akatuambia, "Kesho saa nne ya asubuhi, maji yakiwa bado yanapwa, teremkeni na wanawake wa mwani, msiende peke yenu."

Tukateremka nao. Mwani unalimwa Jambiani na Paje tangu 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Wanapigilia vigingi mchangani, wanafunga kamba, na kwenye kamba wanafunga vichipukizi kimoja kimoja. Kazi yao yote inafuata bamvua, maana maji mafu mashamba hayafikiki vizuri. Mama ni mkulima. Alikaa kwenye maji ya magotini na wenzake wa rika lake wakizungumza bei, wadudu, ugonjwa wa mwani maji yakiwa ya moto, madalali, mambo yaleyale ya mahindi. Watoto wakaoneshwa jongoo bahari, viti vya pweza, na mzee mmoja anachokoa pweza mwambani kwa kijiti. Walifundishwa kutazama na kuacha pale kilipo.

Viatu ni lazima, vile vya plastiki vinavyofunga vizuri vinatosha. Wale viumbe wa baharini wenye miba myeusi wamejaa mwambani, na mwiba ukikatikia mguuni siku yako imeisha. Na hili lishikeni: maji yakishakupwa kabisa, geuzeni. Msingoje muyaone yanakuja. Mwanzo yanajaa polepole, lakini saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa yanakuja kwa kasi, na mifereji iliyo kati yenu na nchi kavu inajaa kabla ya mahali mliposimama. Wanawake wa mwani wakibeba magunia yao, na nyinyi bebeni watoto wenu.

Siku zikasogea, maji nayo yakasogea, na punje za tasbihi zikatuambia lini tutaoga. Ilipokaribia mwezi ishirini na mbili, maji yalikuwa yanajaa saa tatu na nusu hadi saa nne asubuhi, yametulia, ya kifuani kwa mtoto, jua bado halijachoma. Hizo ndizo siku za kuogelea Jambiani na watoto. Mama aliingia na kanga zake mbili, nikamshika mkono mmoja na mjukuu mkubwa mkono wa pili, akakaa chini maji yamfike mabegani, akakataa kutoka hadi tulipomwita mara ya tatu. Nilipanga kila kitu kwa ajili ya asubuhi ile.

Pomboo wa Kizimkazi hatukuwafuata. Niliwaona watu wanarudi wakisimulia boti nyingi zikimkimbiza pomboo mmoja, nikasema hapana, wanangu hawatajifunza hivyo. Tulikwenda Kizimkazi Dimbani kwa ajili ya msikiti. Kwenye kibla chake kuna maandishi ya Kiarabu ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Mama alisali adhuhuri humo. Ukipeleka mzazi Unguja, mpeleke hapo kabla ya hoteli yoyote.

Mkitaka kwenda Desemba, tafuteni kalenda ile ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu pembeni, mtaona wenyewe. Kama likizo yenu inaangukia tarehe 7 au 22 ya mwezi mwandamo, kaeni mashariki na muogelee asubuhi. Ikiangukia mwezi mosi au 15, asubuhi ni ya mafungu ya mchanga na mwani, na kuogelea ni alasiri. Kama hamtaki hesabu kabisa, nendeni Nungwi au Kendwa, kaskazini, kule maji hayaendi mbali, ila bei zake zinauma.

Mama sasa anataka Pemba. Amesikia habari za popo wakubwa wa Kidike na kisiwa cha Misali, na boti za Misali naambiwa zinatoka Wesha. Anayemjua nahodha wa Wesha anayechukua familia yenye mzee, na anayekubali kupangiwa saa na abiria, naomba aniandikie.