Nilizima Simu, Nikaenda Zamu

Jana usiku dada mmoja wa kundi letu la maombi kanitumia tena ile video: gari linawaka, vijana wanarusha matofali. "Mpendwa, uko salama? Tunakuombea." Video yenyewe ni ya Agosti 2024. Hasira ilinipanda, maana nakumbuka ilinifanya nini mara ya kwanza.

Nahudumia wazee Middlesbrough, kaskazini mwa Uingereza. Tarehe 29 Julai mwaka ule, watoto watatu wa kike waliuawa kwa kisu katika mji wa Southport. Hata hawajazikwa, ukavuma uvumi kwamba muuaji ni Mwislamu aliyeingia kwa boti kuomba hifadhi. Uongo mtupu, kijana alizaliwa Cardiff, hukuhuku Uingereza. Uvumi ule ukazaa ghasia: Jumapili tarehe 4 Agosti, wafanya fujo katika mji wa Rotherham wakawasha moto kwenye hoteli walimokaa waomba hifadhi. Huku kwetu wengine wakavunja madirisha ya nyumba za watu, wakasimamisha magari kuuliza dereva ni Mwingereza au la.

Mimi nina zamu ya usiku. Simu hainyamazi. Kila anayeniombea ananitumia na video. Mama mdogo kanirekodia sauti, analia. Ikaja na orodha ya mahali "patakapovamiwa kesho", na kidole changu kilishafika pa kuisambaza. Nikajiuliza: hii imetoka kwa nani? Si ndiyo njia ileile iliyoleta moto huu? Nikazima simu. Nikapiga magoti, maneno hayakuja, nikasoma Zaburi ya 46 mara mbili, nikaondoka.

Hofu haikuisha, nisiwadanganye. Wapo wanaohubiri kwamba ukimtumaini Mungu huogopi. Moyo ulinidunda njia nzima ndani ya teksi, teksi iliyokula mshahara wa zaidi ya saa moja. Saa moja ilikuwa pauni 11.44, najua mkibadilisha kwa hela ya nyumbani mnaona neema, lakini hamjatoa kodi ya chumba.

Kazini kuna bibi asiyeweza kujigeuza kitandani. Kila baada ya saa mbili lazima ageuzwe, asipate vidonda. Saa nne nikamgeuza. Saa sita. Saa nane. Kila nikimshika nasema, Bwana, huyu ni wako na mimi ni wako. Kufikia saa kumi mikono ilikuwa imeacha kutetemeka. Namshukuru Mungu usiku ule alinipa mtu wa kuhudumia, maana ningebaki chumbani na simu ningewachukia watu wa mji mzima.

Mnaoniuliza inboksi kuhusu kazi hizi: njia ya kuajiriwa uhudumu wa wazee moja kwa moja kutoka nje ilifungwa Julai 2025. Anayewauzia cheti cha udhamini, ile hati ya mwajiri ya kuombea viza, sasa hivi anawaibia. Msiuze shamba la wazazi.

Asubuhi ya Jumatatu nilitoka na sare yangu chini ya koti. Barabarani vioo, harufu ya mpira ulioungua, na watu wengi wenye mafagio, ambao hakuna aliyewaita. Mama mmoja wa makamo, mzungu, akaniona nimesimama sijui nipite wapi. Akaweka fagio begani, akanisindikiza hadi mlangoni kwangu. Hakuniuliza natoka nchi gani. Aliuliza tu kama nimetoka zamu ya usiku, akaniambia nikalale.