Nilivyozunguka vyuoni kabla dirisha la udahili halijafunguliwa

Kila Julai, matokeo ya Kidato cha Sita yakishatoka, simu yangu haipoi. Mimi ni mwalimu wa ushauri na unasihi katika shule ya bweni ya serikali mkoani Rukwa. Miaka yote maswali ya vyuo nimeyajibu kwa kufungua mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na sina ugomvi nao: unataja sifa za kila kozi, chuo kilipo, miaka ya kusoma. Mtoto mwenye prinsipo mbili, yaani masomo mawili aliyofaulu kwa kiwango kamili, na pointi 4.0 anaona mlango upo.

Ila maswali wanayoniuliza hayamo humo. "Madam, nikipata Mlimani nitalala wapi?" "Madam, leptop ni lazima?" "Madam, eti UDOM mtu anaweza kupotea?" Mlimani ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDOM ni kile cha Dodoma. Kijana wetu mmoja alipata ualimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukoo mzima ukashangilia, baba yake mdogo wa Tegeta akamwandalia chumba. Barua iliposomwa kwa utulivu ikaonekana ni Mkwawa. Shahada ni ileile, kwa kuwa Mkwawa, au MUCE, ni chuo kishiriki cha Mlimani, lakini kipo Iringa. Kutoka Tegeta hadi Iringa ni safari ya kutwa.

Ndipo nikaamua kwenda kujionea. Likizo ya Juni ilinifaa kwa sababu sisi tunafunga huku vyuo vingi bado vinasoma. Kabla ya kufunga nilipitisha karatasi Kidato cha Tano, kila mmoja aandike swali bila jina. Mkuu wa shule akanipa barua ya utambulisho, nauli nikajitegemea. Njia haikunisumbua: Sumbawanga, Tunduma, Mbeya, halafu barabara kuu ileile inakupitisha Iringa, Mzumbe na Morogoro mpaka Dar. Kurudi nikapanda treni ya SGR hadi Dodoma.

Getini barua inasaidia. Ofisini unapewa vipeperushi, na kwenye chuo kimoja nilizungushwa madirisha manne kisha nikaambiwa nirudi Jumatatu. Sikurudi. Nilikuwa nimeshagundua kwamba majibu yapo kantini, kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Wa mwaka wa kwanza bado anashangaa, wa tatu anawaza ajira. Wa pili ndiye anayekumbuka kilichomuuma. Wale waliopita mikononi mwangu niliwatafuta kwenye grupu la wahitimu, wakanipokea kama mama yao, na soda sikulipa.

SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, ndiko nilikokaa zaidi, maana watoto wangu wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) wote wanataka udaktari wa binadamu na hawataki kusikia kingine. Chini ya milima ya Uluguru nilimkuta binti wa udaktari wa mifugo, ovaroli na gambuti, mkono wa kulia umezama ndani ya ng'ombe hadi karibu na bega, anapapasa kujua kama ana mimba. "Shikamoo madam, samahani sikupi mkono." Alinieleza, bila kuutoa, kwamba kozi ni miaka mitano, na kwamba wanaoanguka si wanaoogopa damu bali wanaodharau anatomia muhula wa kwanza. Kuanguka hadi kuondolewa chuoni, kule wanaita kudisko. Nilirudia neno hilo kwa kila niliyekutana naye: hapa watu wanadisko kwa lipi? Hakuna kipeperushi kitakachokujibu hilo.

SUA hiyohiyo ina kampasi nyingine Mazimbu, ya Solomon Mahlangu, katika majengo ya shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini ambayo ANC waliikabidhi kwa Tanzania mwaka 1992. Panapendeza, pametulia, makaburi yao yapo palepale. Anayekwenda kusomea ualimu wa sayansi ajue kwamba huko ndiko atakakokuwa.

Mlimani pia si Mlimani pote. Kompyuta wanasoma Kijitonyama, uandishi wa habari Mikocheni. Hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa 2017, ni nzuri kweli, lakini vitanda havimtoshi kila mtu, na wanaokosa wanapanga geto Changanyikeni au Msewe. Mzazi asiye na ndugu Dar inabidi aanze kuhesabu kodi mapema.

Jirani na Mlimani kuna Chuo Kikuu Ardhi. Watoto wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) wanaipita tu kwenye mwongozo. Niliingia studio ya usanifu majengo saa nne asubuhi nikakuta kijana amelala chini ya meza yake ya kuchorea, kichwa juu ya begi, na juu ya meza nyumba ya kadibodi yenye ngazi nyembamba kama njiti. Mwenzake akaniambia anayetaka kozi hii aje na moyo wa kukesha, na asidhani bumu, hela ya kujikimu ya mkopo, ni la chakula peke yake: linaishia steshenari. Bodi ya Mikopo inalipa shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/2023, lakini fedha huingia kwa mkupuo. Wapo wanaoimaliza wiki ya kwanza, nikatajiwa hadi majina.

UDOM hupotei, ila utatembea. Ndaki zimetawanyika vilimani, na mimi niliyejifanya shujaa nikaenda kwa miguu kutoka moja hadi nyingine, jua la Dodoma likanifundisha bei ya bodaboda. Faida yake ni vitanda: wengi wanalala ndani ya chuo, na kwa mzazi wa Rukwa anayeogopa binti yake kupanga mtaani, hilo linazidi jina la chuo.

Shule ilipofunguliwa niliandika yote kwenye manila na kubandika ukutani: darasa liko wapi hasa, utalala wapi, hela gani hailipiwi na mkopo, watu wanadisko kwa lipi. Leptop? Kompyuta na usanifu, ndiyo. Kwingine wengi walianza na simu na maktaba, wakanunua baadaye. Sasa mtoto akija ofisini namtuma kwanza ukutani, kisha namuuliza nani atamsaidia nauli akikwama katikati ya muhula. Kikao cha wazazi kilichofuata kilivuka muda, na baba mmoja aliyekuwa ameapa binti yake hatasoma nje ya Mbeya alinakili safu nzima ya UDOM nyuma ya risiti ya mbolea.

Swali ambalo bado sijalijibu kwa macho yangu ni la Mwanza, kwenye vyuo vikuu vya SAUT na Bugando. Wazazi wawili wameahidi kuchangia nauli ya Juni ijayo.