Doa la binzari kwenye shati ya shule

Ilianza na shati. Kijana wangu wa gredi 4 alijimwagia mchuzi wa binzari Jumapili jioni, nikaloweka shati kwa beseni na nilipopaka tu sabuni ya mche lile doa la njano likageuka jekundu kama damu, nikajua nimeiharibu na kesho ni shule. Yeye akainama hapo, "Mami, mbona imekuwa nyekundu?" Sikuwa na jibu. Dada yake akakamulia limau, ikarudi njano. Sabuni tena, nyekundu. Wacha tukae hapo nusu saa!

Usiku nikasoma kwa simu. Kumbe rangi ya binzari inaitwa kurkumini, kwa asidi inabaki njano, ikikutana na besi, yaani kinyume cha asidi, kama sabuni, inakuwa nyekundu. Nikasema likizo tutatengeneza karatasi za kupimia asidi na besi.

Mara ya kwanza tulikoroga na maji, unga ukakaa chini tu kwa sababu kurkumini haiyeyuki vizuri kwa maji. Tukajaribu spiriti ya kusafisha kidonda, kijiko moja ya binzari na tatu za spiriti, na tafadhali fanyeni hii mbali na jiko na mtu mzima akiwa hapo, hiyo kitu inashika moto haraka sana. Tukachovya vipande vya karatasi nyeupe. Zile tulianika juani zikapauka, zingine tukakausha ndani.

Sheria yangu ilikuwa moja, lazima useme unadhani itakuwa nini kabla hujagusa. Siki, limau, mala, hakuna mabadiliko. Magadi, nyekundu. Halafu kukhu wao, yaani nyanya yao, alikuwa amekuja kututembelea Kakamega na chupa ya munyu wa kupikia mrenda. Kijana akasema munyu ni chumvi na chumvi tushapima haikufanya kitu, kwa hivyo itabaki njano.

"Kukhu, naomba tone moja tu."

Karatasi ikawa nyekundu kuliko zote. Alinyamaza kabisa. Kukhu akamwambia, "Hiyo si chumvi ya duka, mjukuu wangu, ni maji yamepita kwa jivu ya maganda ya maharagwe." Mtoto akakimbia nje kwa jiko, akarudi na jivu baridi kwa kikombe, akakoroga na maji, akapima. Nyekundu.

Na shati? Alikumbuka zile karatasi zilizopauka, akaianika mwenyewe juani siku tatu mfululizo. Doa likaisha.