Shimo lililojificha kwenye udongo mweusi

Zilitupotea sentimita 44. Ilikuwa vuli ya mvua, katikati ya London, ndani ya eneo lililozungukwa na ukuta wa Warumi, tukichimbua mabaki ya kale kwenye kiwanja kilichongoja jengo jipya. Mashine ilikuwa imeshaondoa zege na kifusi kwa ndoo isiyo na meno, kwa sababu meno hukwangua mifereji na kuvuruga kilicho chini. Tukabaki na udongo mweusi.

Kila aliyechimba London anaujua udongo huo. Uko juu ya majengo ya Kirumi, na umetobolewa na mashimo ya watu waliorudi kuishi ndani ya ukuta baada ya mfalme Alfred kuufufua mji mwaka 886. Kabla ya hapo, tangu karne ya 7, makazi ya Wasaksoni, watu waliokuja baada ya Warumi, yalikuwa nje ya ukuta, upande wa magharibi, karibu na barabara ya Strand ya leo. Kwa hiyo ndani ya ukuta minyoo na mizizi vilipata karne nyingi za kuchanganya kuta za udongo zilizobomoka, majivu na taka, hadi mipaka ya matabaka ikafutika. Ubaya wake ni huu: aliyechimba shimo la choo humo miaka elfu moja iliyopita alilifukia kwa udongo uleule.

Tulisafisha mraba wa mita 5 kwa 5 kwa mwiko wa inchi 4, tukirudi kinyumenyume ili tusikanyage palipokwisha kusafishwa. Hatukuona ukingo wowote. Tukaamua kushuka sentimita 10 kila awamu, na kila awamu ikapewa namba na mifuko yake. Awamu ya tano haikufika mwisho, maana mwiko uligonga sakafu ya Kirumi: chokaa iliyochanganywa na vigae vilivyopondwa, yenye rangi ya waridi, ngumu kiasi cha kulia chini ya chuma. Aliyekulia Pwani anaielewa kazi hiyo mara moja, ingawa chokaa ya kwetu huchomwa kutokana na matumbawe.

Sakafu hiyo ilikuwa na tundu la mviringo, upana wa mita 1.2, na mwanya huo ulijaa udongo mweusi wenye ukijani kidogo. Ukijani huo ni dalili ya fosfati ya kinyesi. Mmoja wetu alirudi kwenye mifuko ya awamu ya tatu na ya nne, akatoa kigae cha chungu, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, kijivu, chenye chembe nyeupe za kombe lililosagwa. Ni chungu cha kipindi cha mwisho cha Wasaksoni. Humo humo mlikuwa na vipande vyekundu vinavyong'aa vya vyombo vya Warumi kutoka Gaul, eneo la Ufaransa ya leo. Tulikuwa tumechimba shimo na udongo unaolizunguka kwa pamoja, kana kwamba ni kitu kimoja.

Hapo kazi ikasimama, na kusimama ndiko kulikookoa kilichobaki. Kwa bahati shimo lilikuwa limeingia kwenye ukuta wa handaki letu. Tuliukwangua ukuta ule kutoka juu kwenda chini, tukaunyunyizia maji kwa chupa ya bustani, tukangoja. Udongo wa shimo, ukiwa laini zaidi, hukauka polepole kuliko wa pembeni. Baada ya robo saa mstari ulijitokeza, na kando yake vipande vya matofali vimelala mshazari, vyote vikiinamia katikati, jinsi taka zinavyoteleza zikimwagwa shimoni.

Tukapima. Alama yetu ya kudumu ilikuwa mita 11.42 juu ya usawa wa bahari. Fimbo ya vipimo iliyosimamishwa juu yake ilisomeka 1.38 kwenye darubini ya kupimia usawa, hivyo darubini ilikuwa kwenye 12.80. Juu ya ukingo wa shimo fimbo ilisoma 2.71, yaani 10.09. Kwenye sakafu ilisoma 3.15, yaani 9.65. Tofauti ni zile sentimita 44 za shimo tulizozichimba bila kujua.

Sehemu iliyobaki chini ya sakafu ilichimbwa inavyotakiwa: uzi katikati, nusu moja kwanza, ukuta wake ukachorwa kwa kipimo cha 1:10 na kupigwa picha, kisha nusu ya pili. Tulichukua ndoo nne za lita 10 kwa ajili ya kuoshwa kwenye tangi. Wengi hutazama tu kinachoelea. Kwenye shimo la choo mbegu zimegeuka madini na huzama, kwa hiyo mabaki ya kwenye wavu wa milimita 1 yalichambuliwa punje kwa punje: mbegu za tini, kokwa za plamu, mifupa ya mikunga.

Kwenye mifuko ya shimo tulihesabu vigae 31. 29 vilikuwa vya Kirumi. Wingi haupi shimo tarehe. Kigae cha mwisho kutengenezwa ndicho kinachosema, na hata hicho kinasema tu kwamba shimo halikufukiwa kabla yake.

Fomu za awamu zilizoharibika hatukuzifuta. Tulipiga mstari mmoja unaosomeka, tukaweka herufi za majina na tarehe, tukaandika "mchanganyiko" kwenye kila mfuko kwa wino usiofutika. Shimo likapata namba yake kwenye mchoro wa matabaka, unaoonyesha kipi kilitangulia kipi, juu ya udongo mweusi, likiunganishwa na udongo huo kwa mstari mmoja unaoshuka.